Mguu wa Kwanza Kibandani kwa Diep

Bi Thoa aliuza tofu, jibini laini ya soya, katika soko la mji mdogo wa Sa Dec kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa mteja wa kweli. Alinunua vitu, ndiyo: samaki kwa jirani wa meza ya pili, mboga kwa shoga yake, bei ikipatikana kwa kukonyezana tu. Lakini kule kuingia mahali usipojulikana, ukashika hiki, ukaacha kile, ukakunja uso mpaka muuzaji akubembeleze, raha hiyo aliiona kwa wengine. Yeye alikuwa upande wa pili wa meza, mikono imelowa.

Basi binti yake Trinh alipochumbiwa, na ikawa mama wa bibi harusi lazima ashone ao dai mpya, kanzu ndefu ya sherehe, Bi Thoa akatangaza kwamba kitambaa atakifuata Saigon, na atakwenda peke yake.

"Peke yako?" Trinh akashangaa. "Mama, Saigon wewe si unaijua kwa televisheni?"

"Ndiyo maana nakwenda kuiona kwa macho."

"Basi nikusindikize."

"Unisindikize ili uniambie 'mama twende, mama utachoka, mama usile hicho'? Kaa hapo umlinde mchumba wako asikimbie."

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mkali wa ulimi, na akishasema amesema. Akafunga meza yake kwa siku tatu, jambo ambalo hakulifanya hata alipoumwa homa ya dengi, akapanda basi.

Siku ya kwanza aliizunguka Saigon kama mtu aliyelipwa kuikagua. Alijifunika dhidi ya jua kama wanawake wote wa pale: kofia pana, miwani myeusi, barakoa ya maua iliyoshuka mpaka shingoni, koti jepesi la zambarau. Aliingia posta ya zamani, akakaa chini ya mapangaboi bila barua wala stempu, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia aondoke. Alilitazama jengo refu la vioo mpaka shingo ikauma. Alipanda boti ya abiria mtoni hadi kituo cha mwisho, akarudi nayo hiyo hiyo, na nahodha alipomuuliza amesahau nini, akamjibu kwamba hajasahau kitu, anatalii. Alikunywa kahawa ya barafu na maziwa mazito kwenye kigoda cha plastiki kando ya njia, akamwambia mwenye kahawa kwamba Sa Dec ni nusu ya bei hiyo. Kisha akaagiza ya pili. Alijihisi msichana, na nani wa kumlaumu? Mtu aliyeamka saa nane za usiku kusaga soya kwa miaka thelathini na mmoja ana haki ya kuwa msichana kwa siku tatu.

Tatizo lilikuja asubuhi ya siku ya pili, sokoni.

Lilikuwa soko la vitambaa, la ndani, njia nyembamba na majora yamepangwa hadi darini. Saa ilikuwa mbili na dakika chache. Kibanda cha nne kutoka mlangoni kilikuwa cha mwanamke wa miaka thelathini hivi aitwaye Diep, mwembamba, nywele amezibana kwa kalamu, na ndiyo kwanza anaondoa turubai. Huko juu Bi Thoa akaliona jora la hariri rangi ya biringanya, lenye maua madogo ya fedha. Moyo ukamruka.

"Karibu mama mdogo," Diep akasema. "Gusa tu, kugusa hakulipiwi."

Bi Thoa hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akagusa lile la biringanya, kisha, ili asionekane amelipenda, akaomba ateremshiwe la kijani. La bluu. Lile la nyuma. Diep akapanda ngazi, akashuka, akapanda. Yakafunuliwa majora kumi na manne, meza ikawa haionekani.

"Hili la biringanya kiasi gani?"

"Laki sita kwa ao dai nzima, mama mdogo. Hariri ya kweli."

"Laki sita! Kwani limefumwa na malaika? Laki tatu."

Diep akacheka, akashuka mpaka tano. Bi Thoa akainua mkoba kama anayeondoka. Nne na nusu. Akasema kitambaa kina uzi uliolegea. Nne. Akasema rangi itachuja.

"Mama mdogo, niungishe," Diep akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua ucheshi. "Sijafungua siku. Nifungulie. Chukua kwa laki tatu na themanini, hapo sina faida, nataka tu unifungulie."

Hapa ndipo Bi Thoa alipokosea, na kosa lenyewe lisingeweza kufanywa ila na mtu wa sokoni. Kwao kila muuzaji anajua kwamba mteja wa kwanza ndiye mwenye siku. Akinunua upesi bila maneno mengi, siku yote inateleza. Akipekua, akabishana, akaenda zake mikono mitupu, ameifunga siku na funguo kaondoka nazo. Bi Thoa alilijua hilo kuliko jina la marehemu mumewe. Lakini yeye ni mtu wa tofu. Kwa watu wa tofu siku inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na ikifika saa mbili ameshauza nusu ya mzigo na anafikiria uji. Haikumpitia kichwani kwamba wa vitambaa huanza saa mbili. Na hayo maneno ya "sijafungua siku", aah, yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia wateja mpaka saa nne, kwa uso mkavu kabisa. Mwongo akiusikia uongo wake kwa mwingine, hucheka.

Akacheka. "Mwanangu, hayo kawaambie watalii. Ngoja nizunguke, nitarudi."

Akaondoka zake, amefurahi. Akapiga hatua kama nane hivi.

Ndipo akanusa moshi wa karatasi.

Hakugeuka mara moja, maana harufu ile aliijua. Alipogeuka, alimwona Diep ameshika kipande cha gazeti kinachowaka, anakipitisha juu ya majora, chini ya meza, mbele ya ngazi, akinong'ona, "Kisirani toka, heri ingia, kisirani toka." Kisha akakitupa njiani, pale pale zilipokanyaga kandambili za Bi Thoa. Watu wa vibanda vya jirani walikuwa wamesimama wanatazama. Mwuza vifungo wa kibanda cha mkabala, mama mnene aitwaye Bi Lieu, akapaza sauti:

"Choma na la pili, Diep! Huyo mguu wake wa chuma, unaleta nuksi!"

Watu wakacheka. Bi Thoa alisimama katikati ya njia ndani ya kofia na miwani na barakoa, na chini ya vyote hivyo uso ulikuwa unawaka. Akataka kusema, "Jamani, mimi ni mwenzenu." Akataka kurudi anunue. Lakini kurudi mbele ya macho yale kulimshinda, akageuka akatoka mbio mbio, akapishana na mzigo wa vitenge vya kigeni nusura auangushe.

Mji haukuwa tena na ladha. Aliingia kanisa kuu la matofali mekundu, akatoka. Alikwenda bustani ya wanyama, akamtazama tembo kwa muda mrefu bila kumwona. Alizunguka masoko mengine mawili na kila kibanda alikumbuka kuuliza kwanza, "Umeshafungua siku?" mpaka muuzaji mmoja akamuuliza kama ni mtu wa kodi. Wala hakuipata biringanya nyingine ya namna ile.

Kilichomuuma si kuchomewa karatasi tu. Yeye mwenyewe alichomea wangapi? Kiberiti chake kilikaa miaka yote kwenye droo ya meza ya tofu, pamoja na magazeti aliyoyakata kabisa vipande vipande kwa kazi hiyo. Na alikuwa hodari. Soko zima la Sa Dec lilijua Bi Thoa hakosi shabaha. Akamkumbuka mmoja, binti mjamzito aliyekuja alfajiri moja ya mvua, akauliza bei ya vipande viwili, akahesabu alichonacho, akasema samahani shangazi, akaenda. Bi Thoa alimchomea gazeti kabla hajafika hata mlangoni, kwa sauti, ili majirani wacheke. Walicheka. Binti aligeuka akatazama ule moto, akashika tumbo. Mkuki kwa nguruwe. Ilimchukua miaka kumi na tisa na safari ya Saigon kujua ule mtazamo ulikuwa na nini ndani yake, na alipojua, alikaa kwenye benchi la bustani akajiinamia, mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama ameibiwa.

Saa tisa mvua ikanyesha, mvua ya huko, ya ndoo kwa ndoo. Akarudi nyumba ya wageni ameloa chapachapa, akavua koti, kofia, barakoa, akavianika. Akavaa blauzi nyeupe, akachana nywele. Akajitazama kwenye kioo na akakata shauri: atarudi kwa yule binti wa vitambaa, aseme, "Mwanangu, ni mimi wa asubuhi, nisamehe, nilijisahau," kisha anunue kwa laki sita bila kupunguza hata dong moja. Njia nzima aliyarudia maneno hayo kwa sauti ndogo. Hayakuwa maneno mengi. Mtu mzima angeweza kuyabeba.

Alipofika, soko lilikuwa linaelekea kufungwa. Diep alikuwa ameketi kwenye ngazi yake, Bi Lieu wa vifungo amehamia kwake na bakuli la tambi.

"Karibu mama mdogo," Diep akasema.

"Asante, mwanangu. Nilikuwa nataka..."

Diep akamtazama. Halafu akasema, "Kaa kwanza. Umetoka wapi?"

"Sa Dec. Nauza tofu."

"Aa, mwenzetu wa sokoni!" Bi Lieu akaweka bakuli chini. "Basi wewe ndiye wa kutuhukumia. Mwambie, Diep, mwambie kisa cha leo."

"Tangu asubuhi," Diep akasema taratibu, macho hayamtoki Bi Thoa, "sijauza hata kipande cha leso. Kaja mama mmoja, wa kwanza kabisa, kajifunika kama mwizi. Kanifunulisha majora kumi na manne. Nikamshushia mpaka chini ya bei niliyonunulia. Nikamwomba anifungulie siku. Akanicheka usoni, akaenda."

"Mguu wa chuma," Bi Lieu akadakia.

"Wewe mama mdogo ungesemaje juu ya mtu kama yule?"

Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Ni mimi, mwanangu. Maneno matatu. Lakini Bi Lieu alikuwa amemkodolea macho na tabasamu la kungojea umbeya, na mwuza lesi wa kibanda cha kushoto naye alikuwa amesogeza kiti. Bi Thoa akaona jinsi watakavyocheka, akaona kesho yake wanavyomsimulia. Akasikia ulimi wake unasema:

"Wengine hawana haya, mwanangu. Walizaliwa hivyo. Mtu kama huyo mimi ningemchomea gazeti zima, na ndala zake juu."

Bi Lieu akapiga mapaja kwa kicheko. "Umesikia? Mtu wa Sa Dec huyo!"

Diep hakucheka. "Kumbe," akasema. Akainuka, akakung'uta vumbi kwenye jora la biringanya, akalishusha bila kuambiwa. "Nadhani hili ndilo la kukufaa."

"Ndilo," Bi Thoa akajibu. "Ni la harusi ya binti yangu. Nitalipa laki sita, sitaki kupunguziwa."

"Leo sikuuzii, mama mdogo. Kitambaa cha harusi hakinunuliwi mwisho wa siku yenye mkosi, utampelekea mwanao kisirani cha yule mama. Njoo kesho asubuhi unifungulie wewe. Sitamuuzia mtu mpaka ufike."

Bi Thoa akaahidi. Angefanya nini?

Usiku hakulala vizuri, na alipoamka alijiapiza kwa roho ya marehemu mumewe kwamba leo atasema. Basi lake lilikuwa saa nne. Saa mbili kasorobo alikuwa mlangoni mwa soko, uso wazi, nywele amezichana, kama mtu anayekwenda mahakamani.

Diep alikuwa ameshaondoa turubai. Mbele yake alisimama mwanamke mmoja nadhifu na mkoba mkubwa, anaonyesha kidole jora hili na lile. Bi Thoa alisikia kabla hajafika: wasimamizi sita wa harusi, rangi moja, ao dai sita.

"Ningoje kidogo, dada," Diep alikuwa anamwambia. "Kuna mtu nimempa ahadi anifungulie."

"Sasa kama nina haraka?"

"Kama una haraka nitasikitika. Lakini ahadi ni ahadi."

Mwanamke akapumua kwa hasira, hakuondoka. Bi Thoa akasogea. Miguu ilikuwa mizito kweli, akajisemea moyoni kwamba yule mwuza vifungo hakukosea sana. Biashara ya ao dai sita imesimamishwa kwa ajili yake, tena na huyu huyu ambaye yeye alimkosea. Ungedhani jambo kama hilo lingeufungua mdomo wake. Liliuziba. Kadiri wema ulivyozidi ndivyo maneno yalivyozidi kurudi tumboni.

"Bei gani, mwanangu?" akauliza.

"Laki nne."

"Nilisema sita."

"Bei ni nne. Sikuuzii kwa bei ya majuto."

Bi Thoa hakulielewa neno hilo, au hakutaka kulielewa. Akalipa. Diep akazishika zile noti, akazipitisha juu ya majora yote kwa zamu, la kijani, la bluu, lile la nyuma, kama inavyofanywa kwa pesa ya heri. Akapima kitambaa, akaongeza shibiri moja juu, akakikunja kwenye karatasi. Alipomkabidhi akakishikilia, hakukiachia. Akainama karibu, akasema kwa sauti ambayo hata yule dada wa ao dai sita hakuisikia:

"Mama mdogo, mwaka mzima nawauzia watu waliojifunika nyuso. Ningetegemea nyuso ningekufa njaa. Nilikujua jana jioni, ulipofungua tu mdomo."

Bi Thoa akautazama mkunjo wa karatasi.

"Nilikuuliza makusudi. Nilijua Bi Lieu yupo, lakini nilidhani mtu mzima ukiulizwa utasema. Ungesema tu ni mimi, tungecheka yakaisha. Ukamlaani."

"Mwanangu..."

"Alikuwa mama mbishi mwenye mkoba, basi. Mimi nilikuwa nimeshamsamehe. Wewe ndiye uliyetaka kumchomea mpaka ndala."

"Na mbona umenisubiri?" Bi Thoa akauliza, na hakuitambua sauti yake.

"Aliyefunga ndiye anayefungua. Umefungua. Nenda salama, na harusi iwe njema."

Akaachia kitambaa. Bi Thoa alifungua mdomo, na safari hii, kwa haki, huenda angesema, kwa sauti, mbele yao wote. Lakini Diep alikuwa ameshageuka kwa mteja wake na sauti ya biashara, nyangavu, ya kusikika njia nzima:

"Haya dada, karibu sasa! Umemwona huyu mama mdogo? Ametoka Sa Dec kuja kunifungulia siku. Hakupekua, hakubishana, hakupunguza hata dong. Mguu wa heri huo, haupatikani siku hizi."

Dada wa ao dai sita akamtazama Bi Thoa kwa heshima, akamwinamia kichwa. Mwuza lesi akachungulia. Bi Lieu, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua makopo yake, akapunga mkono wote.

"Mama mdogo! Usipite hivyo hivyo, na mimi nipo! Huna haja ya kununua, njoo uviguse tu vifungo vyangu, nami siku yangu ifunguke."

"Na kwangu," mwuza lesi akasema.

Akamtazama Diep. Diep alikuwa juu ya ngazi, mgongo umemgeukia, anashusha jora. Bi Thoa akaenda. Akatia mkono katika kopo la kwanza la vifungo, halafu la pili, halafu la tatu. Bi Lieu akamwombea dua ya maisha marefu, na yeye hakuweza kumtazama machoni mwanamke yule. Akapita kwenye lesi. Kibanda cha pili wakamwita, na cha tatu, nao wakampisha njia na kumwita mama mwenye heri, naye akawa anagusa kila alichoonyeshwa kwa mkono ule ule, kichwa ameinamisha, machozi yakimtiririka mbele za watu, na wao wakanong'onezana kwamba mama mwenye moyo mwepesi namna ile hawajapata kumwona.